Bukini Chini ya Mhuri

Jumanne ile Ezra Wickstead alikuwa njiani kwenda kumkamata mtu mwingine kabisa, fundi viatu wa mtaa wa Holborn, London, aliyeshukiwa kuficha noti bandia ndani ya soli. Mvua ya Aprili ikamkuta njiani, akajibanza chini ya turubai la duka la picha la mjane Fennimore, ambako watu kama kumi walikuwa wamesongamana dirishani wanacheka.

Wickstead hakuwa mtu wa kusimama madirishani. Kwa miaka tisa alikuwa amewafanyia kazi mawakili wa Benki ya Threlfall, kazi yake kuwasaka wanaotengeneza noti bandia za benki hiyo na wanaozitumia, na picha za kejeli zilimhusu pale tu bwana wake alipochorwa ndani yake. Safari hii alichorwa, au walau benki yake. Picha mpya iliyobandikwa katikati ya dirisha iliigiza noti ya pauni moja ya Threlfall: karatasi ndefu, maandishi ya mikunjomikunjo, neno MOJA kwa herufi nene nyeusi. Ila pale kwenye kona, ambapo noti ya kweli huwa na nembo ya bata maji mwenye shingo ya madaha, mchoraji alikuwa ameweka bata bukini mnene. Mbele bukini alimeza sarafu za dhahabu, nyuma aliachia vikaratasi, na mawaziri watatu walikinga kofia zao.

Watu waliendelea kucheka. Wickstead alikuwa anatazama miguu ya bukini. Mmoja ulikuwa mtupu. Mwingine ulivaa kiatu cha kibwanyenye chenye bizimu kubwa.

Kiatu kile alikuwa amekwisha kukiona. Si dirishani.

Akaingia ndani. Bibi Fennimore alikuwa ameketi kwenye meza ndefu akipaka picha rangi kwa mkono, brashi moja mdomoni na nyingine vidoleni. Alimjua mgeni wake kwa sura na kwa sifa, kwa hiyo hakumkaribisha kiti. Alimwambia kabla hajaulizwa kwamba wakili wake amekwisha kuipitia picha hiyo na hakuna jaji atakayeiita noti bandia.

"Sijaja kukushitaki, mama," Wickstead alisema. "Nauliza tu imeanza kuuzwa lini."

Ilianza kuuzwa wiki ya Krismasi, mjane akaeleza. Ile ya dirishani ilikuwa chapa ya pili. Ya kwanza haikuwa na mawaziri, ilikuwa na bukini peke yake, na aliichapa kwenye karatasi nyembamba ili ifanane na noti yenyewe. Ndiyo raha ya mzaha. Aliacha wazi sehemu ya namba na sehemu ya sahihi, mnunuzi ajaze mwenyewe jina la tajiri anayetaka kumcheka. Aliuza nakala mia. Waliozimaliza ni makarani wa mawakili, wanafunzi, na padri mmoja aliyenunua sita. Bamba la shaba la kuchapia likachoka, akalichongesha upya na kuongeza mawaziri.

Wickstead alimuuliza kama hakuhofu mtu kuichukua kuwa noti ya kweli.

"Mwenye macho yake hawezi. Si imeandikwa?" Mjane akaivuta moja, akamsomea kwa sauti ya kanisani. "Naahidi kutomlipa yeyote, popote, hata akinipigia magoti. Kwa niaba ya tumbo langu, Bukini Mzee na Wanawe."

"Na asiyejua kusoma?"

Bibi Fennimore aliweka brashi chini. Akauliza nani amekamatwa. Wickstead alilipa shilingi ya nakala moja isiyo na rangi, akaikunja, akaondoka. Fundi viatu wa Holborn alilala kwake salama siku hiyo.

Stoo ya vielelezo ilikuwa chini ya ofisi ya mawakili, chumba kirefu chenye rafu za masanduku ya bati na mlango wa chuma. Wickstead alikuwa na ufunguo wake. Alijaza kitabu cha kutolea vitu kama ulivyo utaratibu, saa, tarehe, jina, akashusha sanduku namba 212: Keziah Lum, mfua nguo, miaka thelathini.

Kesi hiyo aliikumbuka kwa kuwa haikumsumbua. Katikati ya Januari Keziah alinunua majani ya chai na mishumaa katika duka la Pettifer akatoa noti ya pauni moja. Ilikuwa jioni, Pettifer akaona MOJA, akampa chenji, akaandika nyuma ya noti, kama wafanyavyo wenye maduka wote, "K. Lum, dobi." Siku mbili baadaye noti ilifika benki pamoja na nyingine nyingi. Karani wa ukaguzi akaigonga mhuri: GHUSHI. Jina lilikuwa nyuma, anwani ikapatikana, mwanamke akachukuliwa huku mikono ina povu.

Wickstead aliitoa noti ile akaipeleka kwenye taa. Mhuri wa benki ni mpana kama kiganja, wino wake mzito, na ulikuwa umetua barabara juu ya kona ya nembo. Chini ya herufi H, nje kidogo ya ukingo wa mhuri, palichomoza kitu cheusi ambacho mwezi wa Januari alikuwa amekidhania doa la wino.

Kilikuwa kiatu chenye bizimu.

Akaweka picha aliyonunua pembeni yake. Herufi zilikuwa zile zile. Mwanzoni mwa mstari wa kwanza, ambapo mhuri haukufika, alisoma bila taabu yoyote: Naahidi kutomlipa yeyote. Maneno yalikuwa wazi tangu Januari. Karani hakuyasoma kwa kuwa anagonga mia mbili kwa siku. Pettifer hakuyasoma kwa kuwa jua lilikuwa linazama. Mahakama haikuyasoma kwa kuwa mshitakiwa alikiri, na anayekiri hasomewi vielelezo. Wickstead hakuyasoma kwa kuwa mhuri ulikuwa umekwisha kusema.

Na aliyemfanya akiri alikuwa yeye. Benki ilikuwa na desturi ya kufungua mashitaka mawili. La kwanza, kutumia noti bandia. Adhabu yake kamba. La pili, kupatikana nayo. Adhabu yake miaka kumi na minne ng'ambo ya bahari, koloni la wafungwa la New South Wales. Ukikiri la pili, la kwanza linaachwa. Wickstead ndiye aliyetumwa gerezani kuwaeleza wanawake jambo hilo, na majira yale ya baridi aliwaeleza kumi na watatu. Alikuwa na sauti ya upole. Wote walikiri. Alipokuwa akirudi nyumbani siku hizo alijihesabu kuwa mtu aliyeokoa shingo kumi na tatu.

Meli yao ilikuwa bandarini Woolwich. Ingeng'oa nanga Ijumaa.

Alirudi kwenye noti, safari hii akiichunguza kama alivyopaswa. Sehemu ya namba ilijazwa kwa mkono, wino wa kahawia: 4771. Saba zote mbili zilikuwa na kijistari katikati. Waingereza hawaandiki saba hivyo. Basi kuna mtu aliyeketi, akaijaza picha ya mzaha, kisha ikafika kwa dobi asiyejua kusoma. Kumpata huyo ndiko kungeonyesha kwamba Keziah hakuipata kwa wahalifu.

Ndani ya sanduku kulikuwa na vikaratasi kumi na moja vilivyochukuliwa chumbani kwake, orodha za nguo zilizoandikwa na wateja wenyewe: mashati, soksi, shuka. Kila orodha ilikuwa na alama pembeni iliyochorwa kwa mkaa, samaki, ufunguo, kiatu, mfupa. Wakili Ormerod, mkubwa wa ofisi, aliziita alama za siri za genge, akaamuru zihifadhiwe. Sasa Wickstead alizipanga mezani na kuona kitu cha kawaida kabisa. Mwanamke hakujua kusoma majina ya wateja wake. Aliwachorea. Samaki ni muuza samaki.

Orodha mbili zilikuwa na saba ya kijistari: ya kiatu na ya mfupa. Zote zilikuwa na anwani ya nyumba moja ya wapangaji karibu na hospitali.

Alianza na kiatu, kwa sababu mwenye nyumba alimwambia kwamba chumba cha chini anakaa Mfaransa, Bwana Delorme, mwalimu wa dansi, na Wickstead akaona amekwisha kumkamata mtu wake. Mfaransa, saba za Kifaransa, viatu vya dansi. Alimhoji nusu saa nzima. Delorme alikuwa mzee mwembamba aliyevaa viraka kwa heshima, na alichukizwa kidogo kidogo mpaka akachukizwa sana. Alisema hamwachii dobi karatasi, anamlipa kwa shilingi za fedha mkononi kila Jumamosi, tena huyo Keziah ndiye dobi pekee London aliyejua kunyoosha kola, na tangu atoweke yeye anaonekana kama kuku aliyenyeshewa.

"Lete hiyo karatasi yako," alisema mwishowe.

Akaisogeza puani, maana macho yalikuwa yamechoka.

"Saba ni ya Paris. Sawa. Lakini tazama nne, bwana. Imefungwa juu kama hema. Sisi nne yetu tunaiacha wazi. Angalia orodha yangu, mashati manne. Umeona? Huyu ni Mwingereza aliyekwenda kukaa Paris, akajifunza saba, nne akairudisha kama alivyoondoka nayo."

Wickstead alilinganisha. Mzee alikuwa sahihi. Akamwomba radhi, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, akauliza ni nani humo ndani aliyekaa Paris. Delorme alinyoosha kidole juu. Kijana Tapscott, alisema, anayesomea kukata maiti.

Gilbert Tapscott alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, amevaa utepe mweusi wa msiba mkononi, na nyuma yake kwenye kreti kulikuwa na mifupa ya mkono wa mtu iliyounganishwa kwa waya. Wickstead hakuuliza maswali mengi. Aliweka orodha yenye mfupa mezani, kisha noti, kisha akangoja.

Kijana alianza kutabasamu alipoiona picha. Halafu akaona mhuri.

Akasimulia bila kufichaficha. Aliinunua Krismasi akaijaza mezani na wenzake, wakacheka sana. Keziah alikuwa akimdai kazi ya wiki nyingi. Siku moja ya Januari alikuja na kapu, naye kwa kuwa hakuwa na kitu akampa ile karatasi, akitaraji ataitazama, atacheka, atamtupia matusi mawili matatu, mambo yaishe kwa wiki nyingine.

"Hakucheka," Tapscott alisema. "Alinishukuru. Akasema Mungu akuzidishie daktari, halafu akainama, unajua wanavyoinama. Nikaona aibu kumwambia. Nikasema Jumamosi akirudi nitamweleza. Ijumaa ikaja barua kwamba baba yuko taabani, nikapanda gari la farasi kwenda kwetu Shropshire. Nimerudi Machi, nikakuta dobi mwingine."

"Ukauliza?"

"Niliambiwa ameondoka."

"Ukauliza ameondoka kwenda wapi?"

Kijana akatikisa kichwa. Alipoambiwa aliko, aliketi juu ya kitanda, akauliza kama atanyongwa. Wickstead alimwambia hapana, lakini akiapa aliyoyasema anaweza kufungwa kwa kumtapeli mtu, na masomo yake yakaishia hapo. Tapscott akaomba aachwe mpaka kesho afikiri. Wickstead aliiweka mifupa mezani, akaivuta kreti, akaikalia, akasema ana nafasi ya kutosha. Saa ya kanisa iligonga mara mbili. Mara ya pili kijana aliomba kalamu.

Alasiri ile ile Wickstead alisimama mbele ya meza ya Ormerod. Wakili alikuwa mtu wa maneno machache na kucha safi. Alisoma hati ya kiapo ya Tapscott, akaitazama noti kwa kioo cha kukuzia, akaitazama picha ya shilingi moja. Hakubisha. Hilo lilimtisha Wickstead kuliko kama angebisha.

Ormerod alisema kazi imefanywa vizuri, kisha akaeleza mambo yalivyo. Karani wa benki anakula kiapo mahakamani kwamba mhuri wake haukosei. Kwa kiapo hicho watu wamekwisha kunyongwa. Siku benki itakapoandika kwa waziri kwamba mhuri mmoja uliangukia picha ya bukini, kila wakili wa mjini atataka kila noti ifunuliwe.

"Na zifunuliwe," Wickstead alisema.

"Zitafunuliwa na nani? Wewe?" Ormerod alisema kwa utulivu. "Yule mwanamke hakuhukumiwa kwa mhuri, Wickstead. Alisema mwenyewe mbele ya jaji kwamba ana hatia. Nani alimshauri aseme hivyo?"

Wickstead aliinamisha macho kwenye noti.

"Basi. Sisi hatukumlazimisha. Utakuwa umechoka, pumzika kesho." Na huku akisema aliivuta noti, akaiweka kwenye droo pamoja na hati ya Tapscott na picha, akafunga, akatia ufunguo kwenye mfuko wa kizibao. Yalichukua muda mfupi mno. Wickstead alikuwa amekamata watu wakimeza ushahidi mbele yake. Huyu hakuhitaji hata kumeza.

Kesho yake, siku aliyopewa kupumzika, alikwenda Woolwich. Kabla ya kuondoka alipitia kwa Tapscott akamwandikisha hati ya pili, na safari hii akamwacha nayo, aipeleke mwenyewe kwa hakimu.

Wanawake walikuwa wanatolewa juu ya sitaha kwa makundi kupata hewa, pingu zimefunguliwa kwa kuwa hakuna pa kukimbilia. Walimtambua kabla hajafika.

"Bwana Kiri huyo," alisema mmoja. "Leo tukiri nini tena, bwana? Tumekwisha."

Hakujua kwamba wamempa jina. Wengine walicheka, mmoja akageuka akatema majini. Keziah Lum alikuwa ameketi juu ya kamba iliyoviringishwa, mikono mapajani, mikono mikubwa iliyopasuka kwa miaka ya magadi, sasa ikianza kupona. Hakuinuka.

Wickstead alimweleza yote akiwa amesimama. Alimweleza dirisha la Bibi Fennimore, mhuri, saba za Paris, kijana wa mifupa. Hakuruka habari ya Ormerod wala ya droo. Keziah alisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua. Alipotajiwa Tapscott aliuliza tu, "Yule mfupa? Ana mashati mazuri yule. Baba yake alikufa?" Akaambiwa alikufa. Akasema pole yake.

Kisha akauliza, "Wewe uliiangalia?"

"Nini?"

"Ile karatasi. Siku ile ulipokuja gerezani kuniambia nikisema ndiyo sitanyongwa. Ulikuwa umeiangalia?"

"Niliuona mhuri."

"Sijakuuliza mhuri."

"Sikuiangalia, Keziah."

Alitikisa kichwa taratibu, si kwa hasira.

"Mimi niliiangalia," alisema. "Niliiangalia sana, maana sijawahi kushika pauni nzima. Nikamwona yule ndege amevaa kiatu mguu mmoja. Nikasema, hawa wenye benki nao wana mambo yao. Mimi nilidhani zote ziko hivyo. Ungeniuliza ningekwambia."

Wickstead alitazama maji. Alikuwa amewahoji watu mia kadhaa maishani mwake, na kwa huyu, katika vikao viwili, hakuwa ameuliza swali hata moja juu ya sura ya noti. Alikuwa ameuliza nani kakupa, naye alijibu mteja. Akauliza jina, naye akasema hajui majina, ana alama. Hapo yeye aliandika: anaficha.

Akatoa karatasi aliyoiandika asubuhi, ombi la msamaha kwa waziri, akamwambia panahitajika alama yake chini. Akampa kalamu. Keziah hakuipokea.

"Karatasi ya mwisho uliyoniletea nikatia alama, ndiyo iliyonileta huku. Isome kwanza. Yote."

Akaisoma. Wanawake wengine walisogea. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba mwombaji "alishauriwa kukiri," Keziah alimzuia.

"Alishauriwa na nani? Hapo hapasemi."

"Ndivyo zinavyoandikwa."

"Haya. Soma tena, tangu juu."

Alisoma tena tangu juu, kwa sauti, huku baharia mmoja amesimama na ndoo akisikiliza. Baada ya hapo Keziah alichukua kalamu akachora alama yake, pasi ndogo yenye mpini, kwa uangalifu mkubwa, kama mtu ambaye siku zote alikuwa akiwachorea wengine. Wickstead alimuuliza kama kuna kitu anataka kutoka mjini. Alisema kuna kola sita za yule mzee wa dansi, zimebaki kule alikokuwa amepanga yeye, zilishapigwa wanga, apelekewe. Akageuka upande wa wenzake.

Alhamisi alikwenda kwa hakimu wa wilaya, mzee aliyekuwa na mafua, ambaye alikuwa amekwisha kupokea kiapo cha Tapscott asubuhi hiyo na Tapscott mwenyewe, aliyekuwa ameketi benchi la nje akingoja kujua kama anafungwa. Hakimu aliuliza noti yenyewe iko wapi. Wickstead alisema iko kwenye droo ya Wakili Ormerod na huenda isitoke tena. Hakimu akauliza nani wa upande wa benki aliyeisoma na yuko tayari kula kiapo. Hakuna, Wickstead alisema, mimi tu. Basi kiapo chako ndicho noti, hakimu akamwambia akipenga, hakikisha kimekamilika.

Karani akamsomea alichokwisha kuandika. Palipofika "alishauriwa kukiri," Wickstead alimwomba akate. Akamwagiza aandike: Mimi, Ezra Wickstead, nilimshauri akiri, bila kuisoma noti. Karani alimtazama hakimu. Hakimu akasema andika. Wickstead akatia sahihi, akijua kwamba nakala itafika mezani kwa Ormerod kesho kabla ya saa sita, na kwamba hakuna benki wala wakili London atakayemwajiri tena. Ombi lilipelekwa wizarani jioni. Karani wa huko aliliweka kwenye rundo, akasema mambo ya namna hiyo huchukua wiki sita. Likikubaliwa, barua ya msamaha itafuata kwa meli ya Agosti.

Ijumaa saa moja asubuhi meli iliondoka Woolwich maji yalipoanza kupwa. Wickstead hakwenda kuiona. Saa hiyo alikuwa anafungua stoo ya vielelezo kwa ufunguo ambao bado ulikuwa wake. Alijaza kitabu, saa, tarehe, jina, akashusha masanduku ya wanawake kumi na wawili waliobaki, akayapanga sakafuni, akawasha taa mbili.

Alisoma noti moja moja, mbele na nyuma, kila neno, kwa kioo, pamoja na yaliyokuwa chini ya mhuri. Ya kwanza ilikuwa bandia kweli. Ya pili bandia, karatasi mbaya na nembo iliyochongwa na mtu asiyewahi kuona bata maji. Ya tatu na ya nne zilitoka bamba moja. Aliandika kila moja kwenye daftari. Katika ya sita aliona doa lililojitokeza kando ya mhuri, akalisugua kwa kidole kilicholowa, likawa wino mtupu. Bandia. Ya saba bandia. Ya nane alikaa nayo muda mrefu zaidi, akairudia mara tatu. Bandia.

Alikuwa ameinua mfuniko wa sanduku la tisa aliposikia hatua ngazini. Ormerod alisimama mlangoni na nakala ya kiapo mkononi, hakukasirika, akanyoosha kiganja.

"Ufunguo, Wickstead."

"Nipe saa moja. Yamebaki manne."

"Ufunguo."

Wickstead alitazama ndani ya sanduku. Noti ilikuwa imekunjwa mara nne, upande wenye maandishi ukiwa ndani. Akashusha mfuniko, akasimama, akautoa ufunguo kwenye pete yake akamkabidhi. Ormerod alizima taa ya kwanza, kisha ya pili, akamngoja atangulie kutoka, halafu akafunga mlango wa chuma.